Mwenye mtandao mdogo atangaze pale mawimbi yake yanapofika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wa mitaa ya Pwani wanaouza intaneti, na niseme pia na wale wanaowashauri. Mimi ni mkazi wa Utange, Kisauni, hapa Mombasa. Nina duka la saiba la siku nyingi, na kando ya duka hilo tuna mtandao mdogo wa majumbani ninaouendesha pamoja na mpwa wangu. Yeye ndiye apandaye mapaa kufunga antena. Mimi ninashika daftari, hesabu na simu za malalamiko. Intaneti tunainunua kwa jumla kwa kampuni yenye leseni, na tunaisambaza kwa majirani kwa mkataba wa maandishi.

Kilichonisukuma kuandika ni swali ambalo vijana hawaachi kuniletea dukani. Kijana amekopa kwenye chama, amenunua antena na ruta, amepata paa la kuwekea mlingoti, sasa anauliza: "Mama, tutangaze wapi? Redioni? Facebook? Tuchore matatu?" Na majuzi kwenye mafunzo ya wafanyabiashara wadogo, mkufunzi alituambia tutenge sehemu ya kumi ya mapato kwa matangazo na tuhakikishe tunaonekana kila mahali. Nilimsikiliza kwa heshima, lakini nilitoka na wasiwasi kwa ajili ya wale vijana waliokuwa wakiandika kila neno. Ushauri ule unamfaa anayeuza sabuni au viatu. Mwenye mtandao mdogo akiufuata, unaweza kumfilisi.

Muuza viatu wa Kongowea akisikika Voi, mteja wa Voi anatuma pesa kwa simu na viatu vinapakiwa kwenye basi. Intaneti yetu haipakiwi. Antena ya mteja lazima ione antena yetu, na mawimbi ya gigahezi 5 tunayotumia wengi wetu hayapiti kwenye kizuizi kinene. Ukuta wa mawe unazuia, paa la mabati linazuia, na miti ndiyo adui mkubwa kwetu huku. Tuna nyumba jirani kabisa, ukiita unasikika, tumeshindwa kuiunganisha kwa sababu ya mwembe mmoja mzee ambao mwenyewe hataki kuukata, na ana haki yake. Halafu kuna nyumba ya mbali, upande wenye uwazi, inapata huduma bila kukwama hata mvua za masika. Walio na faiba nao wana mpaka wao: waya umefika nguzo ipi, na nguzo hiyo ni ya nani. Biashara hii basi imechorewa duara ardhini. Aliye nje ya duara hawezi kuwa mteja wako hata akikupenda vipi.

Sasa chukua redio. Mimi naipenda redio, dukani huwashwa tangu alfajiri. Lakini redio za Pwani kama Pwani FM, Radio Kaya au Baraka FM husikika mbali kupita mtaa mmoja wa Kisauni, na ndiyo kazi yake. Ukilipia tangazo, unalipia masikio ya watu wa Likoni, ya watu wa kaunti za Kwale na Kilifi, ambao huwezi kuwafikishia hata waya wa antena. Watapiga simu. Utawajibu mmoja mmoja kwamba bado hamjafika kwao, na siku nzima itapita hivyo huku mteja wako wa zamani, ambaye ruta yake imezimika, anakuta simu inatumika. Wapo wafanyabiashara wanaofaidika na redio, na wastahiki kuitumia: mwenye leseni ya kaunti nzima, mwenye milingoti kutoka Mtwapa hadi Diani. Kijana mwenye mlingoti mmoja hajafika huko.

Kabla ya swali la wapi, hata hivyo, lipo swali la kama inafaa kutangaza kabisa, na hili ndilo naona halizungumzwi.

Tazama hesabu ya mteja mmoja kwetu. Antena ya kupokelea, ruta, waya, bomba la kuinulia antena na ujira wa fundi hufika karibu shilingi 9,000. Mteja tunamtoza 3,000 za kufungiwa, kwa sababu ukimtajia 9,000 atarudi kwenye bando za simu na hatakusikiliza tena. Zile 6,000 zinatoka kwetu. Kifurushi chake ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Toa gharama ya kununua intaneti kwa jumla, umeme, kodi ya paa na fundi. Toa na cha serikali: ushuru wa bidhaa kwenye huduma za intaneti ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 15 na Sheria ya Fedha ya 2023, lakini juu yake iko VAT ya asilimia 16, na hata usipoipeleka wewe mwenyewe, imo ndani ya bei unayouziwa. Zinabaki kama shilingi 500. Maana yake tunamngoja mteja huyu mwaka mzima kabla hajarudisha kile tulichomtolea. Na akihama mwezi wa nne, tukachelewa kwenda kuvua vifaa vyetu, ndio basi.

Sasa fikiria tangazo limefaulu. Kijana amelipa, watu wamelisikia, na katika wiki moja watu 40 walio ndani ya duara lake wanataka kufungiwa. Hao wanahitaji shilingi 240,000 kutoka mfukoni mwake, juu ya zile alizolipia tangazo. Hana. Atawaambia wangoje. Watangoja wiki ya kwanza, ya pili wataanza kusema mtaani kwamba yule kijana amekula pesa za watu. Nimeona haya yakitokea kwa mtu mwema asiyekula pesa ya mtu yeyote. Matangazo yake yalikuwa mazuri sana.

Vocha ni hesabu nyingine. Anayenunua vocha ya shilingi 10 kwa saa anatumia simu yake mwenyewe, hakuna antena ya kumfungia. Lakini vocha hutumika hatua chache tu kutoka pale kifaa cha Wi-Fi kilipo, kwa hiyo tangazo lake ni karatasi safi yenye bei, iliyobandikwa pale pale penye benchi, kwa mama mahamri au kwa kinyozi aliyekubali kuweka kifaa. Anayepita hapo ndiye mteja. Hakuna haja ya kumtafuta mwingine.

Kuna na uwezo wa mtandao wenyewe. Tuseme umenunua megabiti 200 kwa sekunde, na una wateja 150 uliowauzia megabiti 10 kila mmoja. Ukijumlisha umeuza 1,500. Huo si wizi, kila mwenye mtandao duniani hufanya hivyo, kwa kuwa watu hawatumii wote kwa wakati mmoja. Asubuhi mtandao umelala. Ila kuanzia saa mbili usiku hadi saa tano, baba anatazama mpira, mama yuko kwenye tamthilia, watoto wako TikTok, na mwanafunzi wa chuo anapakua masomo yake. Hapo ndipo mtandao hupimwa. Ninachowaambia vijana ni hiki: fungua ruta yako kuu kila usiku saa tatu, wiki nzima, uandike ni megabiti ngapi zinatumika. Ukiona unakaribia kujaza ulichonunua, zile pesa za tangazo zipeleke kwenye kuongeza megabiti. Wateja ulio nao watalala wameridhika, na mteja aliyeridhika husema bila kulipwa.

Asifikirie mtu kwamba haya ni ya wadogo peke yetu. Starlink waliingia Kenya Julai 2023, na watu wakajiunga kwa wingi. Kufikia Novemba 2024 walisitisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu uwezo wao maeneo hayo ulikuwa umejaa, na ilipita miezi kabla ya kufungua tena. Kampuni yenye maelfu ya setilaiti angani ilisema imejaa, na haikuona haya. Kijana wa mlingoti mmoja naye aweze kusema hivyo hivyo, na asimamishe matangazo mpaka apate nafasi.

Tukishakubaliana kwamba pesa ya vifaa ipo na megabiti zipo, hapo sasa ndio tuulizane wapi.

Mimi ningeanza kwa kupanda juu ya paa. Simama penye mlingoti wako, utazame nyumba unazoziona wazi, uziandike. Sisi tulifanya hivyo, mpwa wangu akitaja na mimi nikiandika, fleti kwa fleti, mpaka nyumba za Kiswahili za upande wa chini. Karatasi ile inatufaa kuliko takwimu yoyote ya ofisini. Ukijua una nyumba 250 unazoweza kuzifikia na bado hazijajiunga, basi unajua pia kwamba unaweza kuzitembelea kwa miguu.

Na kutembea kwenyewe kuna wakati wake. Asubuhi utawakuta akina mama, nao ndio wanaojua intaneti ya nyumba inatumikaje: nani anamaliza bando, mtoto gani anatazama nini, mume anarudi saa ngapi. Wao huuliza maswali ambayo hakuna tangazo la redio linaloweza kuyajibu. Je, naweza kuizima watoto wakilala? Umeme ukikatika itakuwaje? Nikisafiri Ramadhani kwenda kwetu Lamu, nitalipa mwezi ule? Ukiyajibu maswali hayo mlangoni, kwa adabu, kazi kubwa umeimaliza. Baba utamrudia jioni kwa sababu ya malipo. Kijana wa kiume anayetembelea nyumba mchana aende na dada yake au shangazi yake. Mitaa yetu ina heshima zake na ni haki kuzilinda.

Kwenye fleti, mtu wa kumwona ni keateka, yule mtunzaji wa jengo. Wapangaji huhama mwisho wa mwezi, na mpangaji mpya anapopewa ufunguo, baada ya kuuliza maji yanatoka siku gani, huuliza intaneti ya hapa ni ya nani. Ukitaka tangazo lifike kwa wakati wake, jibu la keateka ndilo hilo. Sisi humpa shukrani ya shilingi 300 kwa kila mteja, lakini tunamlipa mteja anapolipa mwezi wa pili, si wa kwanza. Kwa njia hiyo naye ana hamu mteja abaki, na ruta ikisumbua anatupigia mapema. Nitaongeza jambo moja hapa, maana linaniuma: wapo wenye nyumba wanaolipwa na mtandao mmoja ili wengine wasikanyage fletini mwao. Mpangaji hapati kuchagua, na hilo hakuna tangazo linaloweza kulitengeneza. Ni jambo la kuangaliwa na wanaosimamia haki za watumiaji.

Tuktuk nazo zina faida ambayo matatu haina. Matatu ya kwenda mjini hubeba watu wa kila upande, na tangazo lililochorwa ubavuni huonekana zaidi na watu wa barabarani wasio wateja wako. Tuktuk ya mtaani huzunguka ndani ya duara lile lile la mlingoti wako, inapakia watu wa hapo na kuwashusha hapo. Stika ndogo ndani, mbele ya macho ya abiria, yenye bei na nambari ya simu, inasomwa safari nzima. Uliza kwanza ofisi ya kaunti kuhusu ada, kwa kuwa chombo chenye tangazo hutozwa.

Saiba pia. Juni ikikaribia kwisha, watu hufurika kuwasilisha ritani za KRA kabla ya tarehe 30, na majira ya maombi ya vyuo na mikopo ya wanafunzi hali ni hiyo hiyo. Anayekaa foleni kwenye saiba ni mtu ambaye wakati huo huo anahisi ukosefu wa intaneti nyumbani kwake. Karatasi ukutani hapo ina msomaji mwenye nia. Kijana asiye na saiba aende akazungumze na mwenye saiba wa mtaa wake, wapatane. Mimi nimewabandikia vijana wawili ambao milingoti yao iko upande ambao sisi hatufiki, na hakuna aliyepungukiwa.

Makundi ya WhatsApp ya mtaa, ya wazazi wa shule, ya chama, yatumike kwa kiasi na kwa idhini ya anayeyasimamia. Tangazo moja lenye ukweli, tena lililotumwa na mteja wako aliyeridhika, linatosha mwezi. Facebook ina jambo moja la manufaa: unaweza kubandika pini penye mlingoti na kuchagua tangazo lionekane kilomita chache tu kuzunguka pini hiyo. Anayelipia tangazo la Facebook bila kuweka mpaka huo anarudia kosa la redio. Na jina la biashara kwenye ramani ya Google halilipiwi kitu. Liwekwe, pamoja na saa za kazi za kweli.

Kuhusu arafa, tafadhali. Wapo wanaouza orodha za nambari za simu, na wapo wanaokusanya nambari za watu waliolipa dukani kwa M-Pesa kisha kuwatumia matangazo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imekataza kutumia habari za mtu kwa biashara bila ridhaa yake, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Hata isingekuwepo sheria, mtu aliyekuja kununua vocha ya shilingi 10 hakukupa ruhusa ya kumwamsha na ujumbe saa kumi na moja alfajiri. Muulize. Wengi hukubali wakiulizwa.

Na leseni. Kabla ya kubandika hata karatasi moja, uwe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, au mkataba wa kuuza kwa niaba ya mwenye leseni. Anayechukua kifurushi cha nyumbani cha kampuni na kukigawia mtaa mzima kinyume cha masharti, kisha akatangaza, amewaonyesha wenye kampuni mahali pa kuja kukata, na wateja wake ndio watakaoachwa gizani wakiwa wamelipa.

Yaliyomo ndani ya tangazo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu hasa, Mhariri. Mtaani kwetu nimeona makaratasi yameandikwa "intaneti isiyokatika", "bila kikomo", "kasi ya radi". Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za SEACOM na EASSy, zinazotuletea intaneti, zilikatika huko kusini, na Afrika Mashariki nzima ikayumba, sisi tulio Mombasa tukiwemo, mji ambao SEACOM ilitua 2009 na EASSy ikafuata 2010. Hakuna mwenye mtandao, mkubwa au mdogo, anayeweza kuahidi isiyokatika. Siku zile tulipeleka ujumbe kwa kila mteja aliyeturuhusu kumwandikia, tukieleza nini kimetokea na kwamba si ruta yake. Waliotuelewa ni wale tuliowaambia tangu siku ya kufungiwa kwamba bahari iko mbali na mikono yetu. Aliyeahidi kwenye karatasi kwamba haikatiki hakuwa na la kujibu.

Na "bila kikomo" ambayo kasi yake inashushwa baada ya mteja kutumia kiasi fulani ina kikomo. Iandikwe: baada ya kiasi hiki, kasi itapungua hadi hapa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza madai ya kupotosha, na haisemi kwamba wadogo wameachiwa. Napendekeza mambo mawili ambayo sijayaona kwenye matangazo ya wengine. La kwanza, kasi iandikwe ile ya saa tatu usiku, wakati watu wote wako mtandaoni, wala isiwe ile ya saa nne asubuhi ambayo hata mtandao mbovu huipata. La pili, iandikwe mtandao unafika wapi, na haujafika wapi. Karatasi yetu inasema: tunafika Utange, Majaoni na sehemu ya Kiembeni, Shanzu bado. Mpwa wangu alihofia kwamba neno "bado" litatuonyesha wanyonge. Matokeo yake ni kwamba watu wa Shanzu hawatusumbui kwa simu, wala hatuwasumbui kwa ahadi, na wengine wameacha majina yao tuwaite siku tukifika. Majina hayo ndiyo yatakayotuambia mlingoti wa pili uwekwe wapi.

Mwisho wa kila fomu ya mteja mpya tunauliza: ulitujua kwa nani au kwa kitu gani? Jibu linaingia daftarini. Kwetu wengi hutaja jirani au keateka. Wanaofuata hutaja saiba na tuktuk. Kijana mwingine, mtaa mwingine, majibu yanaweza kuwa tofauti. Huenda kwake ni msikitini baada ya swala, huenda ni uwanja wa mpira. Daftari lake ndilo litakalomjuza pesa ya mwezi ujao iende wapi. Anayetuletea mwenzake, sisi humpa wiki moja bila malipo, na tumeona zawadi hiyo inatugharimu kidogo kuliko bango.

Kwa bango nina ombi kwa serikali ya Kaunti ya Mombasa. Mwenye biashara ndogo analipia leseni ya biashara kila mwaka, kisha anatakiwa alipie ada ya kibao kilicho juu ya mlango wake mwenyewe. Nakubali mabango makubwa ya barabarani yatozwe. Yanatumia nafasi ya umma na yana wenye uwezo. Lakini kibao kinachosema tu jina la duka na kazi yake, kilichowekwa ukutani kwa mwenyewe, kingeachwa huru kwa biashara ndogo. Matokeo ya ada hiyo tunayaona: vijana wanakwepa kibao, wanabandika karatasi usiku kwenye nguzo za stima, mahali ambapo hakuna ruhusa na pana hatari, na mji unachafuka.

Na kwa wakufunzi wa wafanyabiashara, naomba kabla ya kumwambia kijana aonekane kila mahali, wamuulize kwanza bidhaa yake inafika umbali gani, na kila mteja mpya anamgharimu kiasi gani siku ya kwanza. Hayo yanajibiwa kwa dakika tano, na yanaokoa mkopo wa chama.

Kwako wewe Mhariri, gazeti lako linasomwa kutoka Mombasa hadi Busia, na kwa sababu hiyo nafasi ya robo ukurasa si saizi yetu. Hata hivyo wapo wasomaji wako wanaokaa Utange, Mishomoroni, Likoni, Mikindani, nami nawaona wakilikunjua gazeti kwenye baraza za kahawa na kulipitisha mkono kwa mkono. Ungetufungulia safu ya matangazo madogo ya Pwani mara moja kwa wiki, yaliyopangwa kwa mitaa na kutozwa kwa mstari, mshonaji wa Likoni, mwalimu wa masomo ya ziada wa Changamwe na sisi wenye mitandao tungeweza kuimudu, na msomaji angetafuta kwanza jina la mtaa wake. Ukiifungua, tangazo letu la mistari mitatu liko tayari: mitaa tunayofika, bei, kasi ya saa tatu usiku, na nambari ya simu ambayo mimi mwenyewe ndiye ninayeipokea.

Mama Salim,
Utange, Mombasa.